Kinywa Kikavu Baada ya Mionzi: Antioksidanti na Ulinzi wa Seli za Tezi za Mate kwa Kuzingatia Wagonjwa wa Kasese na Bwera

Ikisiri

Mgonjwa wa saratani ya kichwa au shingo anayetibiwa kwa mionzi anaweza kupona saratani yake na kubaki na kinywa kikavu kwa maisha yake yote. Kwa zaidi ya miaka 40 watafiti wamejaribu kuzikinga seli za tezi za mate kwa antioksidanti, yaani kampaundi zinazozima radikali huru kabla hazijaidhuru seli. Makala haya yanaeleza namna mionzi inavyoziharibu seli hizo, sababu ya amifostini kufika katika tiba ilhali nyingine zimebaki maabara, na hatari iliyogunduliwa katika vitamini za kumeza. Hoja inayojengwa ni kwamba, kwa mgonjwa anayetoka Kasese au Bwera, mate huokolewa zaidi na namna mwali unavyoelekezwa pamoja na huduma ya meno kabla ya tiba kuliko na kidonge chochote, na kwamba onyo kuhusu vitamini halina budi kufika katika hospitali za wilaya, ambako mgonjwa huanzia na ambako hurejea.

1. Utangulizi

Neno kobalti si geni Kasese. Mgodi wa shaba wa Kilembe, ulioanza uzalishaji mkubwa mnamo 1956, uliacha malundo ya pairiti yenye kobalti ndani yake, na kuanzia 1999 kiwanda kilichojengwa Kasese kilianza kuichenjua kobalti hiyo kwa msaada wa bakteria. Kobalti ya ardhini ni ya namba 59, nayo haina mionzi. Ikiwekwa katika kinu cha nyuklia na kupigwa nyutroni hugeuka kobalti-60, ambayo hutoa mionzi ya gama na kupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5.27. Sidai kwamba kobalti ya Kilembe iliwahi kuingia katika mashine ya tiba. Natanguliza jambo hili kwa kuwa kwa muda mrefu mgonjwa wa saratani wa wilaya hii alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Mulago, Kampala, kutibiwa kwa kipande kidogo cha madini ambayo jina lake amelisikia tangu utotoni.

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mnamo 1967. Mashine ya kobalti-60 iliyotolewa na China ilianza kutumika katika miaka ya 1990 na kuharibika kabisa mwaka 2016. Kwa takriban miaka miwili nchi nzima haikuwa na tiba ya mionzi ya umma. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, na wengi walisubiri. Mashine mpya ya kobalti ilizinduliwa Januari 2018, na baadaye zikaongezwa mashine za akselereta, ambazo huzalisha miali kwa umeme bila chanzo cha mionzi. Mjadala wa umma katika kipindi hicho ulihusu swali moja tu: mashine ipo au haipo? Swali la hali ya mgonjwa baada ya mashine kumaliza kazi yake halikupata nafasi. Makala haya yanalishughulikia swali hilo kwa kiungo kimoja kidogo.

2. Tezi za mate na wepesi wake wa kudhurika

Mwanadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: za parotidi zilizo mbele ya masikio, za chini ya taya, na za chini ya ulimi, mbali na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Kwa pamoja hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Tezi za parotidi hutoa mate mepesi, hasa wakati wa kula. Tezi za chini ya taya ndizo zinazokilowesha kinywa wakati mtu hali, hata usiku. Mate hubeba bikaboneti inayopoza asidi, kalsiamu inayokarabati meno, vimeng'enya vinavyoanza kusaga wanga, na utelezi unaomwezesha mtu kumeza na kusema.

Anayepungukiwa na mate hugundua kazi hizo zote kwa mpigo. Ladha hupotea. Meno huoza kwa kasi, hasa shingoni mwa jino, mahali ambapo kuoza kwa kawaida hakuanzii. Fangasi huota ulimini. Usingizi hukatwa na kiu. Katika nyumba za Wakonzo chakula kikuu ni ugali wa muhogo unaoitwa obundu, mara nyingi kwa sombe. Ni tonge zito, na halipiti katika koo kavu. Mtu anayeshindwa na chakula hicho hujitenga na sinia la pamoja, hula uji peke yake, na hupungua uzito hata kama uvimbe umekwisha. Waganga wa saratani hupima ukavu wa kinywa kwa daraja. Nyumbani hupimwa kwa nani amebaki mezani.

Kwa mwanabayolojia, jambo la kushangaza ni kwamba tezi hizi hazikustahili kudhurika upesi hivyo. Kanuni ya zamani ya biolojia ya mionzi husema kwamba seli zinazogawanyika haraka, kama zile za uboho na za utumbo, ndizo zinazokufa kwanza. Seli za asina zinazotengeneza mate hugawanyika polepole sana, na kwa hiyo zingetarajiwa kustahimili. Hata hivyo, katika wiki ya kwanza ya tiba ya kawaida, mgonjwa akiwa amepokea takriban grei 10 tu, mtiririko wa mate ya parotidi huweza kushuka kwa nusu au zaidi. Wakati huo seli nyingi bado ziko hai zikitazamwa kwa hadubini. Zimeacha tu kufanya kazi.

Maelezo yanayokubalika zaidi sasa yanagawa madhara katika hatua mbili. Kwanza, utando wa seli na mifumo yake ya kupokea ishara huharibika, hivyo seli husikia amri ya neva lakini haiwezi kuitikia kwa kutoa maji. Tafiti za panya zimeonyesha kwamba mionzi hufungua mlango wa kalsiamu uitwao TRPM2 kupitia mlolongo unaoanza na radikali huru, na kwamba panya wasio na mlango huo hurejesha mate yao. Pili, baada ya wiki na miezi, seli za asina zinazokufa kwa uzee wake wa kawaida hazipati warithi, kwa kuwa seli shina zilizomo katika mifereji ya tezi zimeuawa na mionzi. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, walionyesha mwaka 2015 kwamba katika parotidi seli hizo zimekusanyika karibu na mifereji mikubwa, na kwamba dozi inayofika sehemu hiyo ndogo hutabiri ukavu wa baadaye. Ugunduzi huu una uzito kwetu, nami nitaurejea.

3. Kazi ya antioksidanti na tatizo la muda

Mwili ni maji kwa sehemu kubwa. Mionzi ya gama au ya eksirei inapopita ndani ya seli huvunja molekuli za maji na kuzaa radikali, kali kuliko zote ikiwa ile ya haidroksili. Takriban theluthi mbili za madhara ya mionzi hii katika DNA hutokana na njia hii isiyo ya moja kwa moja. Hapo ndipo penye tumaini la antioksidanti: kampaundi iliyo tayari kutoa elektroni au atomu ya haidrojeni inaweza kuizima radikali kabla haijagusa DNA, au kukarabati jeraha la kemikali kabla oksijeni haijalifanya la kudumu.

Lakini radikali ya haidroksili huishi kwa nanosekunde chache tu. Kinga isiyokuwepo ndani ya seli, kwa wingi wa kutosha, katika dakika ileile mwali unapowaka, haizuii madhara hayo ya awali. Anayekunywa dawa jioni baada ya tiba amechelewa kwa hesabu ambayo saa ya ukutani haiwezi kuionyesha. Radikali zinazozalishwa baadaye na uvimbe na mitokondria iliyojeruhiwa ni habari nyingine, na huko kampaundi zinazotolewa kwa kuchelewa zinaweza kuwa na nafasi.

Tatizo la pili ni la uchaguzi. Mionzi huua saratani kwa njia ileile inayoidhuru tezi. Antioksidanti inayoingia kila mahali kwa usawa humkinga adui pamoja na mwenyeji. Kila pendekezo la kukinga tezi za mate kwa dawa lazima lijibu kwanza swali hili: kwa nini uvimbe usifaidike pia?

4. Amifostini

Jibu lililofika mbali zaidi lilitoka jeshini. Katika miaka ya Vita Baridi, Taasisi ya Utafiti ya Jeshi ya Walter Reed, Marekani, ilitengeneza na kujaribu maelfu ya kampaundi ili kupata kinga ya askari dhidi ya mionzi ya bomu la nyuklia. Mojawapo iliandikishwa kwa namba WR-2721, nayo ndiyo leo huitwa amifostini. Haifanyi kazi mpaka kimeng'enya cha fosfatezi alkali kiondoe fosfeti yake na kuifungua kuwa tayo huru. Kimeng'enya hicho ni kingi zaidi katika mishipa midogo ya tishu za kawaida kuliko katika uvimbe, na asidi ya uvimbe hukipunguzia kasi. Zaidi ya hayo, tezi za mate huivuta dawa hii kwa wingi. Hili ndilo jibu la swali la uchaguzi, walau kinadharia.

Jaribio lililoamua mambo lilichapishwa na Brizel na wenzake mwaka 2000. Wagonjwa 315 wa saratani ya kichwa na shingo waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa amifostini mshipani dakika 15 hadi 30 kabla ya kila kikao cha mionzi. Ukavu wa kinywa wa daraja la pili au zaidi wakati wa tiba ulipungua kutoka asilimia 78 hadi 51, na ukavu wa kudumu kutoka asilimia 57 hadi 34. Udhibiti wa saratani haukuonekana kupungua katika miaka miwili ya ufuatiliaji. Vidonda vya kinywa havikupungua. Mamlaka ya Marekani ilikuwa imekwisha kuidhinisha matumizi haya mwaka 1999. Wakosoaji walikumbusha, kwa haki, kwamba jaribio halikuwa na dawa bandia, hivyo mgonjwa na daktari walijua nani amepewa nini, na kwamba idadi hiyo haikutosha kuondoa shaka yote juu ya kuukinga uvimbe.

Tuiweke sasa dawa hii mbele ya mgonjwa wa Bwera. Tiba ya grei 70 kwa grei 2 kila kikao ni vikao 35, siku tano kwa wiki, wiki saba. Kila siku hiyo anahitaji sindano ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika, maji ya kutosha mwilini, kulala chali, na muuguzi wa kupima shinikizo la damu, kwa sababu kushuka kwa shinikizo ni madhara yanayotarajiwa. Baada ya sindano, dawa huondoka katika damu kwa dakika chache. Iliyobaki ni ile iliyokwisha kuingia katika tishu, nayo haidumu. Katika kituo chenye foleni ndefu, umeme ukikatika au mashine ikisimama kwa saa moja baada ya sindano kutolewa, mgonjwa atakuwa amebeba madhara ya dawa bila kinga yake. Njia ya kuchoma sindano chini ya ngozi ilijaribiwa ili kupunguza mzigo huu. Shinikizo halikushuka sana, lakini athari za ngozi ziliongezeka. Hata katika nchi tajiri matumizi ya amifostini yamefifia. Sioni sababu ya kuishauri Uganda iinunue kwa ajili ya kazi hii.

5. Vitamini za kumeza

Ushauri unaomfikia mgonjwa kwa kweli si wa amifostini. Ni wa vidonge vya vitamini E, vya betakarotini, vya mchanganyiko wa antioksidanti, na unga wa majani ya mlonge, vinavyouzwa madukani na sokoni kwa ahadi ya kuusafisha mwili. Ndugu hununua kwa upendo. Mantiki yao si ya kipuuzi: ikiwa mionzi hudhuru kwa radikali, na vitamini huzima radikali, basi mgonjwa apewe vitamini.

Mantiki hiyo ilipimwa Quebec, Kanada. Bairati na wenzake waliwapa wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo ama vitamini E uniti 400 kwa siku ama dawa bandia, wakati wa mionzi na kwa miaka mitatu baadaye. Mwanzoni kulikuwa pia na betakarotini, iliyoondolewa mapema baada ya majaribio mengine kuonyesha kwamba huongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji wa sigara. Matokeo ya 2005 yanafaa kusomwa polepole. Waliopata vitamini zote mbili walikuwa na madhara makali machache zaidi wakati wa tiba. Yaani kinga ilikuwepo. Lakini saratani ilielekea kurudi zaidi mahali pake kwa waliomeza vitamini, na saratani mpya ziliongezeka katika kipindi cha kumeza. Uchambuzi wa 2008 ulionyesha kwamba hatari ya kurudi kwa saratani na ya kifo ilijikita kwa wale walioendelea kuvuta sigara wakati wa mionzi. Vitamini ilifanya kile ilichotarajiwa kufanya, ila haikubagua.

Lazima nitofautishe hapa dozi ya kidonge na chakula. Hakuna lolote katika jaribio hilo linalomkataza mgonjwa kula matunda ya pasheni, mapapai au mboga za majani zinazostawi miteremkoni mwa Rwenzori. Kumnyima matunda mtu anayekonda kwa kukosa mate kungekuwa kosa lingine. (Pasheni ina asidi, na kinywa chenye vidonda kitaikataa chenyewe.)

6. Kampaundi zilizo njiani

Tempoli, kampaundi ya kundi la nitroksaidi, imekinga tezi za mate za panya bila kuukinga uvimbe, labda kwa kuwa uvimbe wenye upungufu wa oksijeni huigeuza haraka kuwa umbo lisilokinga. Kwa binadamu haijathibitishwa kwa kazi hii. Wengine wamejaribu kupitisha kinga moja kwa moja katika mfereji wa tezi, kwa mdomo wa mfereji ulio ndani ya shavu, ili dawa isienee mwilini. Wazo hili ni zuri kwa sababu linatatua swali la uchaguzi kwa jiografia badala ya kemia, lakini bado ni la maabara na la wagonjwa wachache.

7. Kinachowezekana kwa mgonjwa wa Kasese na Bwera

Mwaka 2011 jaribio la Uingereza liitwalo PARSPORT, lenye wagonjwa 94, lililinganisha tiba ya kawaida na tiba ambayo ukali wa mwali hurekebishwa ili uinamie uvimbe na kuikwepa parotidi. Baada ya miezi 12, ukavu wa daraja la pili au zaidi ulikuwa asilimia 74 kwa tiba ya kawaida na 38 kwa tiba ya kukwepa. Hakuna sindano iliyotolewa. Punguzo hili kwa kulitazama tu ni kubwa kuliko lile la amifostini, ingawa majaribio mawili tofauti hayalinganishwi kwa namba tupu. Mwongozo unaotumiwa sana hutaka wastani wa dozi ya parotidi zote mbili usizidi takriban grei 25, au ya moja ibaki chini ya grei 20.

Mashine ya kobalti, kwa chanzo chake chenye upana wa sentimita moja na nusu hadi mbili, huacha ukingo wa mwali uliofifia, na mpangilio wake wa kawaida kwa uvimbe wa koo ni miali miwili inayokabiliana kutoka kulia na kushoto, ambayo huzifunika parotidi zote mbili. Akselereta yenye vifaa vya kurekebisha ukali huweza kuziepuka. Lakini akselereta inayotumiwa kwa mpangilio wa zamani, kwa kukosa wanafizikia wa tiba au picha za kupangia, haitaokoa mate ya mtu. Mshauri wa sera anayehesabu mashine ahesabu pia watu wanaochora tezi kwenye picha ya mgonjwa kabla ya tiba. Kwa maarifa ya Groningen, kuiepusha hata sehemu ndogo ya mifereji mikubwa kunaweza kuwa na faida, na kazi hiyo yahitaji zaidi muda na ujuzi wa mpangaji kuliko kifaa kipya. Hili ni jambo ambalo kituo cha kanda Mbarara, kilicho karibu zaidi na Kasese kuliko Kampala, kingelizingatia tangu siku ya kwanza ya tiba ya mionzi huko.

Sehemu nyingine ya kazi iko nyumbani, katika hospitali za Bwera, Kagando na Kilembe. Hospitali ya Bwera, iliyo karibu na mpaka wa Mpondwe na Kasindi, hupokea pia watu kutoka Kongo. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka, watumishi wake walionyesha kwamba hospitali ya wilaya yaweza kutekeleza mwongozo mgumu ikipewa mwongozo huo na vifaa. Huduma ya kinywa ni nyepesi kuliko hiyo. Jino bovu ling'olewe kabla ya mionzi, likiachiwa wiki mbili au tatu za kupona, kwa sababu kung'oa baadaye katika taya lililopigwa mionzi kunaweza kuua mfupa. Fluoridi itumike kila siku, na kwa maisha yote. Maji yawe mkononi, na chakula kilainishwe kwa mchuzi. Pilokapini, dawa ya zamani ya macho inayochochea tezi zilizosalia, husaidia baadhi ya wagonjwa, lakini haifai kwa wenye pumu isiyodhibitiwa. Na kabla ya barua ya rufaa kuandikwa, mhudumu amuulize mgonjwa, kwa Kikonzo au kwa Kiswahili cha mpakani, anameza nini nyumbani na kama anavuta sigara, kisha majibu hayo yaingie katika barua.

Mgonjwa anaporejea, karatasi anayokuja nayo kwa kawaida hutaja jina la saratani na idadi ya vikao. Ingeongezwa mistari miwili, yaani dozi ya wastani iliyofika kila parotidi na tarehe ya mwisho ya mionzi, daktari wa meno wa Bwera angejua kama mate ya mtu huyo yanaweza kutarajiwa kurudi, na upande gani wa taya asiuguse kwa koleo.